Mlango wa Tembe la Babu

Tabora, 9 Juni 1953

Mdogo wangu Nassibu,

Marahaba. Shikamoo yako imefika pamoja na kanga. Kanga nimempa jirani yangu Maua, mimi sizivai. Asali mwaka huu ni nyingi.

Jana, kama kila mwaka mvua zikiisha, wanawake wa mtaa tulibeba udongo kwenda kukandika kuta za tembe la Babu. Unatujua: Wamanyema, Wanyamwezi, hata Bibi Zuwena Mwarabu, sote matope mpaka viwikoni. Tukakuta mafundi juu ya paa na mashoka. Mkubwa wao akasema nyumba imeuzwa, litajengwa duka la bati. Nikamwambia, mwongo mkubwa wewe! Nani wa kuuza nyumba iliyolaza wapagazi wa kila kabila?

Akakutaja wewe.

Nassibu, huna haya? Kuta zile zilikuwa na alama za vidole vya marehemu mama!

Sasa ni kifusi. Lakini mlango tuliung'oa sisi wenyewe, tukaubeba vichwani, mafundi wanatukodolea macho. Nimeutia nyumbani kwangu. Ukija Tabora utaujua kwa nakshi zake. Uutazame, upite zako; usipige hodi.

Dada yako,
Kuluthumu