Sehemu ya Pili Niliyomchagulia Yaya Zawadi

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Kiangazi kimeupaka mji mzima rangi ya jivu. Nguo nilizozianika asubuhi hapa mtaani Mapendo nimezianua zikiwa chafu kuliko nilivyozianika. Moyo wangu uko vivyo hivyo, na sitaki mtu anionee huruma.

Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu, kwa kuwa sasa najulikana kama mtu wa filamu, wameniuliza iwapo miendelezo ya zile filamu za katuni za hadithi za kale inastahili kutazamwa. Nitawajibu kikamilifu. Jibu langu limekwisha kumnyang'anya mtu kazi, basi heri lisomwe lote.

Hadithi njema hukoma kwa sababu imekwisha. Binti mfalme ameolewa, mchawi ameporomoka gengeni, watu wakaishi raha mustarehe; kilichobaki ni kuzima televisheni. Lakini miaka kadhaa baadaye wenye kampuni hurudi kufukua kaburi. Mchawi amekufa? Basi atafutiwe dada, ambaye hakuna aliyewahi kumtaja. Binti mfalme amekuwa mtu mzima? Basi azae mtoto mwenye uso wake uleule, ila umechorwa upesi upesi na mtu aliyekuwa akiwahi chakula cha mchana. Nyimbo ni zilezile, zimepashwa moto. Na sharti aongezwe mnyama mwenye maneno mengi, kwa maana waandishi walipokosa la kusema walimwachia bata awasemee.

Huo ndio msimamo wangu, na nausimamia. Ubaya wangu hauko katika msimamo. Uko katika namna nilivyoutumia.

Kwa wasioishi Goma, nieleze kwanza desturi yetu. Katika vyumba vya video vya huku, filamu haiachwi iseme yenyewe. Mtafsiri huketi kando ya skrini na mikro, yaani kipaza sauti, mkononi, akaipunguza sauti ya Kifaransa, kisha akaisimulia filamu yote kwa Kiswahili chetu, akiwaigiza watu wote peke yake: mfalme, mwizi, mtoto, farasi. Watu hawaulizani ni filamu gani inaonyeshwa. Huuliza nani anatafsiri.

Mtaani Ndosho walikuwa wakimwuliza Yaya Zawadi.

Yeye ni binti wa mama yangu mkubwa. Tumelelewa ua mmoja. Amenibeba mgongoni, ndiyo maana namwita Yaya, yaani dada mkubwa, na yeye hadi leo huniita mudogo, hata mbele za watu, hata siku nilipovaa joho la lisansi, shahada yangu ya chuo kikuu. Aliacha shule darasa la tano. Tangu hapo amejifunza maisha kwa masikio, na kwa masikio hayo akawa mtafsiri. Jumamosi na Jumapili watoto walikuwa wakijaa katika chumba kile cha mbao hadi wengine wakachungulia kwenye nyufa.

Siri yake niliijua mimi peke yangu. Yaya Zawadi hajui Kifaransa.

Anajua salamu, anajua kuhesabu, anajua kukubali. Filamu za kwanza, zile za hadithi maarufu, alizitafsiri bila shida kwa sababu hadithi zenyewe ameshazisikia kanisani, shuleni na kwa majirani. Picha zilimwongoza, kumbukumbu ikamsaidia. Mtu hawezi kupotea katika nyumba aliyozaliwa.

Miezi miwili iliyopita kituo kimoja cha utamaduni cha mjini kikaamua kuanzisha filamu za watoto kila Jumamosi, kwa Kiswahili. Msimamizi wake, ambaye nitamwita Madame Solange, alikuwa amesikia sifa za Yaya. Akataka kumpa kazi ya kudumu, yenye mkataba, yenye kiti chenye mgongo. Kabla ya hapo alitaka kumwona akitafsiri mara moja mbele yake. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimejipeleka pale na barua zangu za kuomba kazi mara nyingi hata mlinzi akanizoea, akaniomba nimsaidie kama mtaalamu: nichague filamu, nisikilize, niandike ripoti.

Yaya alifurahi kuliko mimi. Akanijia nyumbani akicheka.

"Mudogo, Mungu ni mukubwa! Njo weye utanihukumu? Basi nimesha pita."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kisha nikaketi kuchagua. Mezani palikuwa na filamu mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani ya binti mfalme aliyeibiwa kivuli chake na mchawi, ambayo Yaya ameitafsiri mara nyingi hata watoto wanasema pamoja naye. Ya pili ni mwendelezo wake, ambao hakuna hapa aliyewahi kuuona. Hauna hadithi nyuma yake ya kumwongoza mtu. Ukikosa lugha, umekosa vyote.

Nikachagua mwendelezo.

Kwa Madame Solange nilitoa hoja nzuri sana: kwamba mtihani wa haki ni ule usiokaririwa. Sentensi ile niliiandika mara tatu mpaka ikanyooka. Lakini kwenye ukurasa huu niseme wazi: nilijua ataanguka, nikamchagulia mahali pa kuangukia. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu nipate diplome, na mwanamke wa darasa la tano alikuwa karibu kupewa mkataba ulionipasa mimi.

Mwendelezo huo ni takataka. Binti wa binti mfalme anatafuta mkufu wa mama yake uliopotea. Anazunguka misitu mitatu iliyochorwa kama msitu mmoja. Dada wa mchawi anatokea, anapiga kelele, anashindwa kwa wimbo. Bata anasema bila kupumua. Mwishoni inajulikana kwamba mkufu ulikuwa ndani ya mkoba wa bata tangu mwanzo. Wanacheka wote, kumekwisha.

Siku ya mtihani watoto waliletwa wengi. Yaya alivaa kitenge chake cha sikukuu. Filamu ilipoanza nikamwona akiitazama skrini kama mtu anayetazama mto uliofurika, akitafuta pa kukanyaga. Hakupata. Basi akajenga daraja lake mwenyewe.

Mkufu aliufuta kabisa. Kwa kinywa chake, mtoto yule alikuwa akimtafuta koko wake, yaani bibi, aliyekataa kukimbia watu wengine walipokimbia vita, akabaki peke yake kijijini Kalengera. Mtoto hamjui koko kwa sura. Amebebwa kutoka huko akiwa mchanga. Bata akawa mjomba mlevi anayejidai kuijua njia. Dada wa mchawi akawa mama mwenye nyumba kubwa ya mabati, anayewafungia wapita njia mlango. "Rudini kwenu!" akafoka Yaya kwenye mikro, na watoto wakamzomea yule mwanamke wa skrini kwa hasira ya kweli.

Kalengera ndiko alikobaki bibi yetu, wangu na wake. Alikataa kupanda gari. Hatuna habari zake.

Nilielewa mara moja anasimulia nini. Kalamu yangu haikusimama hata hivyo. Nilikuwa nimegawa karatasi kwa mstari wa katikati: kushoto, filamu inasema nini, kulia, mtafsiri amesema nini. Nikaandika kurasa tatu. Niliorodhesha hata makosa ya sarufi. Nilikuwa bado nimeinama, nikihesabu sentensi zilizorukwa, niliposikia watoto wakipiga makofi na kukanyaga sakafu kwa miguu. Nikainua uso, filamu ilikuwa imekwisha.

Madame Solange alikuwa na machozi. Akaniambia nisome ripoti yangu.

Nikasimama nikaisoma kama hukumu. Nikasoma safu zote mbili, moja baada ya nyingine, mbele ya Yaya na wafanyakazi wa kituo. Nilipomaliza nikasema kwamba hakuna hata sentensi moja ya filamu iliyotafsiriwa, na kwamba watoto wamedanganywa kwa saa nzima na ushee. Yaya alikuwa ameketi, mikro juu ya magoti.

Madame Solange, ambaye bado alitaka kumwokoa, akamgeukia na kumwuliza kwa Kifaransa, polepole, ni sehemu gani ilikuwa ngumu zaidi kutafsiri.

Yaya akatabasamu. "Oui, madame. Merci, madame."

Watu wakacheka.

Mimi ndiye niliyecheka wa kwanza.

Kazi nilipewa mimi, wiki ileile. Na kana kwamba hiyo haikutosha, niliipiga ripoti yangu picha nikaiweka kwenye status ya simu, ili wenzangu wa chuo waone jinsi mtu wa lisansi anavyofanya kazi. Mwenye chumba cha video cha Ndosho akaiona pia. Akamwambia Yaya kwamba hawezi kumlipa mtu wa kubahatisha, akamnyang'anya mikro. Sasa anauza makala, yaani mkaa, kando ya barabara na mikono yake imekuwa myeusi hadi viwiko.

Jana ilikuwa zamu yangu ya kwanza. Nilivaa koti. Kwa kuwa watoto walikuwa wameudai mwendelezo uleule, nikautafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno, kama inavyotakiwa na taaluma.

"Papa, ule bata anasema nini?" mmoja akauliza.

"Anasema kwamba mkufu umepotea."

"Na sasa?"

"Anasema tena kwamba umepotea."

"Aa! Uyu bata ni mujinga, ao ni papa wa koti njo hasikie muzuri?"

Wakaangua kicheko. Kisha kasichana ka mbele, kenye meno mawili tu juu, kakasimama. "Na koko? Koko iko wapi?"

Nikajibu kwenye mikro, kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima, kwamba hakuna koko yeyote katika filamu hii na hajawahi kuwapo.

Sikuwa na haja ya kutumia mikro. Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

Kakaanza kulia. Dada yake akakashika mkono, wakatoka. Wengine wakawafuata wakisema kwamba filamu imeharibiwa, na nilipofika kwenye bata na mkoba wake nilikuwa nikitafsiria viti. Madame Solange alisimama mlangoni, akaniambia tu kwamba nitazoea.

Leo baada ya misa Yaya Zawadi amekuja hapa nyumbani. Niliposikia sauti yake uani nilitamani kujifungia ndani. Nilitayarisha maneno ya kujitetea, yote kwa mpangilio. Hakuyahitaji. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai, akaniangalia.

"Mudogo, sikuje kugombana. Minakuja kuuliza kitu moja tu. Ile filme, ya kweli kweli, inasemaka nini?"

Nikamweleza. Mkufu, misitu, dada wa mchawi, wimbo. Nilipofika kwenye mkoba wa bata alikunja uso.

"Iko kwa bata?"

"Ndiyo, Yaya."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja, makala yakamwachia mstari mweusi shavuni. Kisha kicheko kikakoma.

"Njo hiyo tu? Uliniondosha ku kazi juu ya hiyo?"

Nikamjibu kuhusu uaminifu kwa matini asilia. Nilisema hivyo hasa, "matini asilia", kwa mtu aliyenibeba mgongoni. Akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya akipita karibu na mlevi, akainuka.

"Kaa muzuri, mudogo." Akaenda zake, kwa miguu, hadi Ndosho.

Basi jibu langu ni hili. Miendelezo ya hadithi za kale haistahili kutazamwa. Nimeutazama huo wangu mara nne, nami nathibitisha kwamba ndani yake hamna kitu. Ulikuwapo mmoja tu uliostahili, ukasimuliwa mara moja tu, mimi nikiwa nimeinamia karatasi.

Kazi sitaiacha. Ningependa kuandika kinyume chake, maana ingepamba ukurasa huu, lakini Jumamosi nitakuwa pale, na koti langu, na mikro.

Kinachonikera jioni hii ni kitu kidogo kuliko hayo. Yaya amepanda hadi hapa kuniuliza filamu yangu inaishaje, na nimemjibu. Alikuwa mbele yangu, kigodani, muda wote huo. Nami sikumwuliza yake iliishaje.

Nilimwacha mtoto yule akiingia Kalengera jua likizama, mjomba bata akiyumba nyuma yake, milango yote imefungwa. Halafu nikageuza ukurasa kuhesabu makosa, na watoto wakapiga makofi.

Je, koko alikuwapo?