Mbavu Ulizorudisha

Beechmont, Louisville, Kentucky
Tarehe 11 Juni 2025

Mpendwa yaya Polycarpe,

Nakusalimu sana, kaka yangu mkubwa, pamoja na wifi Fides na watoto. Mgongo wako unaendeleaje na yale maboksi ya ghalani? Buffalo nako kumeanza kupata joto? Sisi hapa tu wazima, ila mimi nimechoka, na aliyenichosha ni wewe.

Nilikuwa Columbus kwa mdogo wetu Nsimire wakati wa Idi ya kuchinja. Jumapili mumewe, shemeji Amisi, alirudi kutoka kwako na boksi lake la barafu limejaa vilevile. Mtu ameendesha gari tangu alfajiri kukuletea nyama, nawe unamjibu mlangoni, "Siye hatuombaka chakula!" Hata maji hukumpa. Yaya, jamani!

Najua kilichokupata. Kazini walikuambia kwamba siku hiyo Waislamu hugawia maskini nyama, ukaishia hapo hapo. Si ungeuliza! Kondoo mmoja hugawanywa mafungu matatu: moja la maskini, moja la ndugu na majirani, moja la wenye nyumba. Hata mimi mwimbaji wa kwaya nilielewa, na nilikuwa nimesimama tu jikoni namenya vitunguu.

Na wanachinja kwa kumkumbuka nani? Abrahamu! Huyo huyo unayemhubiri kanisani huku unapiga meza, alivyokuwa tayari kumtoa mwanawe, Mungu akampa kondoo. Wao humwita Ibrahimu. Asubuhi wanaswali wakiwa na nguo mpya, kisha wanaume wanakwenda kuchinjia shambani nje ya mji, maana ukichinja kwenye apatimenti za Northland wanakoishi utaitiwa polisi. Amisi alirudi kanzu imejaa matope, anacheka. Alikuwa na hamu ya kukuletea.

Sasa Nsimire hapokei simu zako, nawe unasema ana kiburi. Kiburi! Alikaa kitandani akaniuliza, "Donc, kwa yaya niko mutu wa inje sasa?" Hasira zikanipanda zaidi. Tangu baba afariki wewe ndiye baba yake, na tangu aolewe hujakanyaga kwake hata siku moja.

Basi sikia. Fungu la maskini liliisha Ijumaa ile ile ya sikukuu. La ndugu lilikwenda kwa majirani na kwetu wageni. Nyama yako haikutoka huko kote. Nsimire aliikata kwenye fungu la nyumba yake mwenyewe, akasema, "Yaya anapendaka mbavu." Akakufungia zote. Wao wenye sikukuu walikula shingo na utumbo.

Mbavu zako nilikuja nazo, ziko kwenye friza yangu. Jumamosi ijayo nazirudisha Columbus. Amisi amesema haziwekwi motoni mpaka wewe uingie. Usipokuja zitabaki kwenye barafu, na Nsimire atakuwa amepata jibu lake.

Nisalimie wifi Fides na watoto, uwaambie shangazi yao hana ugomvi nao. Mungu wa Abrahamu akulinde barabarani, maana Jumamosi nategemea utakuwa barabarani.

Dada yako akupendaye hata akiwa amefura,
Gracieuse