Mbaya Wetu

Leipzig, 3 Mei 1938

Mama mpenzi,
Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje? Sisi wazima. Mume wangu Lajzer bado anapanga herufi kiwanda cha uchapaji, na mjukuu wako Hersz sasa anakimbia.

Namtukana kila siku kama ulivyonifundisha, jicho baya lisimwone: nar, mpumbavu wangu, mieskeit, mbaya wangu. Lakini jana kwenye ngazi mwenye nyumba, Bi Lorenz, alinisimamisha. “Unadhani sielewi? Matusi yenu ni Kijerumani chetu kilichopinda.” Nilidhani lugha yetu ya Kiyahudi ni mlango tulioufunga, Mama, kumbe wanatusikia mpaka jikoni.

Lajzer anasema nar ni neno lao kweli. Ila mieskeit kichwa chake ni Kiebrania cha babu zetu, mkia tu ndio wa Kijerumani. Na Bi Lorenz akichukia mvua huiita mies, yaani mbaya: ameazima neno letu bila kujua. Nimemsihi Lajzer asimwambie kamwe.

Mwanao, Fajga

Brzeziny, 19 Mei 1938

Fajga mwanangu,
Marahaba. Miguu imevimba, ulimi mzima. Usiache kumtukana mtoto. Akisifiwa, tema mate mara tatu. Baba yako alisifiwa sauti sinagogini siku moja tu, akakohoa miaka miwili.

Mama yako

Leipzig, 20 Oktoba 1938

Mama mpenzi,
Shikamoo, na unisamehe kimya changu. Siku hizi nikifungua mdomo kwenye tramu watu wanageuka. Nimeacha matusi. Namwita Hersz “mzuri wangu” kwa Kijerumani safi, kama wao. Jana bibi mmoja alitabasamu akampa tofaa. Nikalipokea, likaniponyoka.

Pasipoti zetu za Poland zinatakiwa zipigwe mhuri mpya kabla ya mwezi kwisha, la sivyo Poland haitatutambua. Tutaupata, naamini. Ila namsifu mtoto, Mama, na hakuna wa kutema mate.

Mwanao, Fajga

Zbąszyń, 1 Novemba 1938

Mama,
Tu hai. Ijumaa polisi walibisha hodi, wakatuacha tuchukue mfuko mmoja. Bi Lorenz alikuwa akitazama ngazi, si sisi. Treni, kisha tukatembezwa mvuani kuvuka mpaka, na Poland nayo haituruhusu kuendelea. Tunalala kwenye banda la farasi.

Jana mwanamke mmoja alimwangalia Hersz akasema, “Mtoto mzuri.” Nikatema mate mara tatu, nikasema kwa sauti yangu yote, “Huyu? Mieskeit, nani atamtaka?” Basi wanawake wakapokezana kumtukana, kila mmoja kwa tusi la mji wake, mpaka akalala.

Lakini mimi nilimsifu wiki nyingi. Niambie, Mama, ni mimi niliyetuletea haya?

Mwanao, Fajga

Brzeziny, 6 Novemba 1938

Mpumbavu wangu,
Jicho baya halivai sare wala halibishi hodi. Waliowatoa ni watu. Usiwabebee dhambi yao, mzigo wako unatosha.

Nimepasha moto chumba cha nyuma. Mlete yule mbaya wetu.

Mama yako