Siku Doto Alipomtangulia Kulwa

Jumanne, 8 Aprili 2025
Imekubali! Programu yangu imefungua mchemraba wa data bila kugoma. Dawa zote, zahanati zote tunazozihudumia, mwezi kwa mwezi — unageuza upande unaoutaka, hesabu hiyo hapo! Bosi Charles kasema lori letu la dawa la Ijumaa litapangwa kwa kufuata skrini yangu. Jamani, mimi Paskalia!

Mkataba wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Akiridhika, nabaki Shinyanga. Asiporidhika, narudi Mhunze kwa mama kuulizwa habari za ndoa. Mungu anisaidie.

Doto, anayeitunza michemraba kwenye kompyuta kuu, kanishauri skrini ioneshe pia taarifa za mchemraba wenyewe. Jina lake, maelezo yake, mara ya mwisho umejazwa lini. Nimemwambia hayo mapambo tu. Watu wanataka namba.

Jumatano, 9 Aprili
Kapiga simu Mama Aneth, muuguzi wa zahanati moja kule Nyarugusu. Dawa ya mseto imekwisha, mvua haikatiki, wachimbaji wanaletwa na malaria wamebebwa. Nikamwambia mbona kwenye skrini mnalo boksi zima, mama? Kisha akasema basi njoo unioneshe hilo boksi, mwanangu, labda nimelikalia.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Lori linabaki la Mhunze, ndiko skrini inakoonesha upungufu.

Alhamisi, 10 Aprili
Lile boksi limeninyima raha. Asubuhi nimeyaandika yale mapambo ya Doto: programu iuulize mchemraba, wewe ni nani, umejazwa lini? Majibu yakaja juu ya skrini. Jina: DOTO. Maelezo: wa majaribio, usitumike. Umejazwa: Januari.

Mayu wane, mama yangu!

Michemraba ni miwili. Doto kaipa jina lake na la pacha wake. KULWA ndio wa kazi, DOTO ni nakala ya kuchezea. Nilikuwa najua! Ila programu niliiambia ifungue wa kwanza kwenye orodha. Sasa Msukuma gani atauliza wa kwanza ni nani? Si Kulwa! Kumbe kompyuta haijui nani katangulia kuzaliwa, inapanga kwa herufi. D, halafu K.

Nimefungua KULWA. Umejazwa: leo. Nyarugusu, mseto: sifuri.

Doto kacheka hadi kashikilia meza. Eti tangu azaliwe anasubiri kutangulia, na siku yenyewe nimemharibia. Nikacheka na mimi, huku moyo unauma. Wale wagonjwa! Na uani wanapakia maboksi ya Mhunze.

Naenda kwa bosi.

Ijumaa, 11 Aprili
Naandika ndani ya lori, herufi zinaruka. Kahama tumeshaiacha. Kiti changu kimevunjika, nimewekewa kitu kigumu nikalie.

Bosi hakufoka. Kauliza Mhunze wanazo za kutosha? KULWA anasema wanazo. Basi lori liende Nyarugusu, na wewe uende nalo, Mama Aneth si alitaka kuoneshwa boksi? Na mkataba wangu? Tutaongea ukirudi. Uso mkavu kabisa!

Dereva Edward hana mbavu. Ananiita Mama Doto njia nzima.

Tumefika! Matope matupu. Wagonjwa wamejipanga ukutani, mabuti bado miguuni. Mama mfupi mwenye sare nyeupe katoka, mikono kiunoni. Sijawahi kumwona, lakini ndiye.

Edward kazima injini. Anasema shuka na boksi la kwanza ukampe mwenyewe. Lipi? Kaangalia kiti changu kilichovunjika, kaanza kucheka upya.

Jamani. Nimelikalia.