Salamu za Baba za Kila Asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu watundu. Mimi nakula, nalala, naenda kazini. Kilichobaki ni ganzi tu. Tangu tumzike baba sijatoa chozi, mimi uliyekuwa ukiniita Bomba Bovu kwa kulialia.

Barua yako niliipata Jumanne. Umesema simu ya baba unaichaji, na kila saa kumi na mbili na nusu asubuhi unasikia salamu yangu kwake ikiingia. Umeniomba nisiache. Nitakujibu, ila vumilia kwanza habari za kazini, maana jibu limo humo.

Kampuni yetu imekodi seva mia nne, kompyuta zilizo mbali ambazo sijawahi kuziona. Nilipewa kazi ya kuandaa kiprogramu cha uangalizi, kukifunga na mipangilio yake katika kifurushi kimoja na kukisambaza kwenye kila seva. Kila dakika kinatuma taarifa: nipo, mzigo wangu huu, nafasi iliyobaki hii. Nilianza na seva kumi, nikaenda hamsini, kisha zote. Ubao wa ukutani unaoonyesha hali ya kila seva ukawaka kijani tupu. Bosi wetu, tunayemwita Bwana Kijani kwa sababu rangi nyekundu humpandisha presha, alinipa mkono mbele ya wenzangu.

Shida ni kwamba seva za kukodi huwashwa na kuzimwa kila mara, na kila iliyozimwa ilipiga kelele ubaoni. Nikaongeza mstari mmoja kwenye kifurushi: seva ikikaa kimya dakika kumi, ifutwe kwenye orodha. Kelele zikaisha. Wiki iliyopita seva inayotunza oda za wateja ilikufa kweli. Ikanyamaza, ikafutwa, ubao ukabaki kijani. Tulijua siku ya pili, wateja walipopiga simu. Bwana Kijani hakufoka. Aliuliza tu ni mtu gani anayemfuta aliyenyamaza badala ya kwenda kumtazama. Mimi sikuona aibu wala hofu.

Sasa ombi lako. Matangani uliwaambia watu kwamba wewe uliye karibu ulipitiwa siku tatu bila kumchungulia baba, lakini mdogo wako wa mbali hakukosa kumsalimu, hata zile asubuhi mbili alizokuwa amelala sakafuni peke yake. Shangazi akanibusu mikono. Nikanyamaza.

Dada, si mimi niliyekuwa nikimsalimu. Mwaka jana, kazi iliponizidi, niliandika programu ya mistari kumi na tano. Inachagua salamu moja kati ya saba na kumtumia. Akijibu, jibu lake linawekwa kwenye faili. Asipojibu, hakuna kinachonishtua. Faili hilo nimelifungua jana kwa mara ya kwanza. Siku mbili kabla ya kuanguka aliandika kwamba kifua kinambana, nimpigie nikipata nafasi. Asubuhi iliyofuata programu ikamuuliza ameamkaje.

Usijilaumu tena kwa zile siku tatu. Mimi ndiye niliyeambiwa.

Nimeizima leo. Kesho simu ya baba haitalia.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba wao anawakumbuka. Shangazi mwambie ukweli huu ukiona vema. Ukinijibu, nitasoma mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Bomba Bovu