Ua la Marehemu Dirishani

Iringa, Ijumaa, Novemba 1956

Na bado wifi anataka litolewe nje. Anasema mjane anayekaa eda hajitii manukato, na chumba changu kinanukia kama duka la udi.

Kinanukia, sikatai. Lakini mimi sijajitia kitu. Ni lile ua la marehemu mume wangu, mmea uitwao ua la nta. Alilileta kutoka Tanga likiwa kijiti tu, akalipanda kwenye kopo la samli, akaliweka hapa dirishani lisiuawe na baridi ya Iringa. Miaka yote likatambaa, majani matupu. Kila Ijumaa aliyafuta vumbi akaniambia, "Mama Zuhura, litachanua." Nikawa namcheka. Ameondoka, ndiyo limechanua.

Nilimwambia wifi kwamba likihamishwa sasa, vitumba vyote vitapukutika.

"Na watu watasemaje?" akaniuliza.

 Watu siwaogopi sana. Naogopa isije ikawa kweli nakosea, na eda yenyewe bado ndefu.

Baada ya magharibi akaja kulibeba mwenyewe. Aliinama kushika kopo, uso ukaingia katikati ya maua. Akabaki hivyo hivyo mpaka nikaona mabega yanatikisika. Mimi na hasira zangu nilikuwa nimesahau kwamba marehemu ni kaka yake.

"Hata mimi aliniambia litachanua," akasema. "Nikamcheka."

Kisha akafungua dirisha ili harufu ipungue, kopo akaliacha pale pale.

Baridi inaingia kweli. Wifi hakurudi kwake. Amelala hapa, tumegawana blanketi.