Wanapika Juu Yako, Papa Masika

Papa Masika wangu,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Huko unalala vizuri? Mgongo umeacha kukuuma? Sisi huku Butembo tuko wazima, mimi na binti yako Masika, lakini nyumba bila wewe ni baridi hata jua likiwaka.

Nina neno. Sijui utacheka ama utanikasirikia.

Unajua tulikuzika nyuma ya nyumba yetu kule Mulekera, sababu njia ya kwenu Kipese ilikuwa imefungwa. Kisha vita ikatukimbiza na sisi mpaka huku Butembo. Nyumba tukamwachia kwa haraka, bila kumwonyesha kaburi, Mama Kahindo, mkimbizi mwenye watoto, aliyekosa fasi ya kulala. Juzi tukasikia amejenga jiko juu ya kaburi lako.

Masika alilia kwa hasira. "Mama, twende tumutoe Papa! Tumupeleke Kipese alale kama mutu!" Tukapanda pikipiki, tukaenda.

Ni kweli. Msalaba wa mbao ulianguka kwa mvua, majani yakaufunika. Yule mama aliona tu udongo mgumu, mzuri, akasimamisha miti na bashi, turubai ya wakimbizi. Tulipomwambia, mwiko ulimtoka mkononi. "Yesu wangu! Sikujuaka, mama! Nitabomoa leo leo!" Maji ya bugali yalikuwa yanatokota kwenye mafiga, watoto wamekaa wanangoja.

Masika alishika jembe. Na mimi, pale pale, nikasikia sauti yako. Ile siku ulikuwa unatayarisha somo la historia, ukanisomea habari za Wamaya, watu wa zamani wa Amerika. Wanaochimbua mambo ya kale walikuta mifupa chini ya sakafu za nyumba zao. Hawakupeleka wapendwa wao mbali. Waliwatia unga wa mahindi kinywani, wakawalaza chini, wakaendelea kuishi juu yao. Nikakuambia, "We mwalimu, mimi nipike juu ya mutu? Hapana!" Ukacheka sana. "Sasa ukinizika mbali, nani ataninusisha sombe yako ya majani ya muhogo?"

Oh, Papa Masika. Ile siku ya kukuzika sikukumbuka hata maneno hayo.

Nilimwambia Masika aweke jembe chini. Jiko libaki. Mama Kahindo nimemwomba jambo moja tu: kila akiwasha moto, afanye alama ya msalaba, ataje jina lako. Kisha nikachota unga kidogo kwenye sahani yake, nikaufukia karibu na figa. Padri sijamwambia bado.

Njiani Masika aliniambia nimekuacha ukanyagwe. Mpaka leo ananijibu kwa kichwa tu. Na mimi, nikipiga magoti, ninajiuliza kama nilisikia wewe kweli, ama nilisikia uchovu wangu.

Amani ikirudi, nitakuja kupika pale mwenyewe. Sombe, yenye mawese mengi. Nimekuahidi mbele ya Mungu.

Lala, mume wangu. Mungu akikupa ruhusa, ujibu upesi. Mimi naweza kungoja. Anza kumjibu Masika.

Mama Masika wako